Makala, gazi ao umeme: mu Goma uchague gani ukifuata safari ya kaboni?

Swali la kununua gazi ao kubakia na makala, mu Goma kila mtu ako na jibu yake, na karibu majibu yote ni ya bei na moshi. Sawa, bei ni bei, siwezi kukwambia uache kuhesabu franga zako. Ila kuna hesabu ingine yenye watu wengi hawafanyi: ile kaboni inawaka chini ya maharagi yako ilikuwa imekaa wapi mbele iingie mu mbabula, na ikitoka pale itarudia wapi. Juu moto wote wa kupikia, ukitoa umeme, ni kaboni inakutana na oksijeni inageuka kaboni dayoksaidi, makala inafanya ivyo, gazi inafanya ivyo, kuni, briketi, mafuta ya taa, vyote. Ukiangalia moto peke yake utasema vyote ni ndugu moja na mwenye moshi kidogo njo ameshinda. Hapo njo tunadanganyana.

Tupitie mzunguko wenyewe kwanza, juu bila huo hesabu haisimami. Kaboni iko na njia mbili. Ya kwanza ni ya mbio: mti, muhindi, ao majani ya Masisi inavuta kaboni dayoksaidi mu hewa, kwa nguvu ya jua inaifanya sukari na mbao na majani, ng'ombe anakula, mtu anakunywa maziwa, wote wanapumua kaboni inarudi hewani, na yenye haikuliwa inaoza inarudi vilevile. Dunia nzima mimea ya nchi kavu inavuta karibu tani bilioni 120 za kaboni kila mwaka, na karibu zote zinarudi kwa kupumua, kuoza na moto.

Ya pili ni ya polepole kabisa, na watu wa Goma njo wangepaswa kuijua kuliko wengine juu tumeikalia. Mvua inanyesha ikiwa imebeba kaboni dayoksaidi kidogo, ile inaipa uchachu kidogo, na ule uchachu unakula mawe ya volkano mwaka kwa mwaka, yaani hata yale mawe meusi ya ukuta wa parsela yako. Maji inazama mu lava, inatokea mu ziwa Kivu, inashuka kwa Ruzizi mpaka Tanganyika, inatoka kwa Lukuga, inaingia Lualaba, inakuwa mto Kongo mpaka bahari ya Atlantiki, na kule wanyama wenye magamba wanaijengea magamba, wanakufa, wanalundikana chini, inakuwa mawe ya chokaa. Mpaka itoke tena kwa mdomo wa volkano fulani hapo hauhesabu tena vizazi, unahesabu mamilioni ya miaka.

Mimi naionaga kama likelemba. Wanachama wanatoa, mmoja anakamata, mwezi ujao mwingine, franga zinazunguka lakini zenye ziko mu mzunguko haziongezeki. Kaboni ya mti iko ivyo. Sasa mtu anakuja na pesa toka nje, anazimwaga mu kikao kila siku na hakuna mwenye anazirudisha kule zilitoka: hiyo njo petroli, makaa ya mawe na gazi ya chini ya udongo, mabaki ya mimea na vijidudu vya bahari vyenye vilizikwa mamilioni ya miaka. Wanadamu tunachimbua na kuchoma karibu tani bilioni 10 za hiyo kaboni kila mwaka. Bahari na mimea na udongo vinameza kama nusu, nusu inabaki juu yetu. Ndio maana hewa yenye ilikuwa na sehemu 280 za kaboni dayoksaidi kwa kila milioni mbele ya viwanda, mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kuipima kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958 akakuta karibu 315, na leo imepita 420.

Basi na hiyo mkononi, twende sokoni.

Makala, lakini makala ya wapi?

Huu njo mkosi wa makala: mfuko ni mweusi uleule, mama anauza mu soko ya Kituku ni yuleyule, lakini ndani munaweza kuwa vitu viwili vyenye havifanani hata kidogo. Kuna makala ya miti ya kupanda, mikaratusi na akasia, yenye mtu anapanda, anakata kisha miaka kama 7 ao 8, kisiki kinachipuka tena. Mradi wa EcoMakala wa WWF, shirika la mazingira, ulianza kazi hiyo kuzunguka hifadhi ya Virunga mwaka 2007. Na kuna makala ya pori, yenye inatoka mu msitu mkubwa, na mu Kivu ya Kaskazini ukisema msitu mkubwa mara mingi unasema Virunga, hifadhi yenye iliundwa mwaka 1925, ya kwanza Afrika, kilometa mraba kama 7,800.

Ya kwanza iko ndani ya likelemba. Kaboni yenye umechoma leo, mti mwingine uko shambani unaivuta. Ya pili umevunja sanduku: ule mti ulikaa miaka mia kujaza mbao yake, na udongo chini yake ulikuwa na kaboni mingi pia, ukifyeka na jua ikapiga, ile ya udongo nayo inaanza kutoka. Watu wanasahau udongo. Dunia nzima mimea ya nchi kavu imebeba kama tani bilioni 450 za kaboni, na udongo umebeba zaidi ya 1,500. Na hata mu inchi yetu hazina kubwa kuliko zote haionekani juu ya mti: ni ile mboji nyeusi ya kinamasi mu bonde la katikati ya Kongo, upande wa Mbandaka na ng'ambo Brazzaville, mabaki ya mimea yenye maji ilizuia isioze kwa miaka kama elfu kumi. Watafiti waliichora kwenye ramani mwaka 2017, wakahesabu karibu tani bilioni 30. Hiyo ni sawa na petroli na makaa ya mawe na gazi ya dunia nzima ya miaka mitatu. Hakuna mtu anapika na hiyo, mungu saidia, lakini ukitaka kujua kwa nini kaboni yenye imelala ni vizuri ilale, angalia kule.

Sasa hesabu yenyewe, na hapa njo watu wanashtukaga. Kilo 1 ya makala kwa tanuru ya udongo ya kizamani inakula kilo 5 mpaka 8 za mti mkavu, tushike 6. Nusu ya mti mkavu ni kaboni, kwa hiyo 6 ni kilo 3 za kaboni. Mu kilo yako ya makala kunabakia kama gramu 750. Zingine, karibu robo tatu, zilishaenda hewani kule porini mbele hata chukudu ipakiwe. Na hazikwenda zote kama kaboni dayoksaidi. Tanuru ni moto wenye umenyimwa hewa, kwa hiyo inatoa na monoksaidi ya kaboni na metani, na metani ukihesabu kwa miaka 100 inapasha dunia joto kama mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi, kilo kwa kilo. Ndio maana hata makala ya mikaratusi, mimi sikubali mtu aniambie ni safi kabisa juu mti unarudi. Mti unarudi, ndio, lakini unavuta kaboni dayoksaidi, hauvuti ile metani.

Kilo 3 za kaboni zikiungua zote zinafanya kama kilo 11 za kaboni dayoksaidi. Kumbuka hiyo 11.

Gazi ya chupa

Gazi yenye tunanunua ni propani na butani, inatoka visimani na kwa viwanda vya kusafisha petroli, inapita bandari za Bahari ya Hindi, inapanda malori mpaka kwetu. Kwa likelemba ni pesa ya nje, hakuna kuficha. Ile kaboni haikuwa mu hewa tangu zamani sana, na chupa ikiisha hakuna mti umepandwa wa kuirudisha chini.

Kwa hiyo mtu wa siasa ya mazingira atakwambia makala ni ya kurudi na gazi si ya kurudi, chagua makala. Inaonekana na akili mpaka uweke sufuria.

Kilo 1 ya gazi ikiungua inatoa kama kilo 3 za kaboni dayoksaidi, na iko na megajuli 46 za joto, jiko la gazi linafikisha kama nusu na kidogo ndani ya sufuria, tuseme 25. Kilo 1 ya makala iko na kama 30, lakini mbabula ya kawaida ya bati inafikisha sehemu 20 kwa mia tu, ni 6. Kupata 25 za gazi unahitaji kilo 4 na kidogo za makala. Mara 11 kwa kila kilo: ni kama 44. Yaani chakula kilekile, 3 kwa gazi, 44 kwa makala. Weka juu ya gazi yale malori na yale mavujo ya visimani, ongeza hata mara mbili, bado haijafika mbali.

Sasa, zile 44 kama ni za mikaratusi zinarudi mu miti, kisha miaka, na kunabakia deni ya metani na ile monoksaidi. Kama ni za pori na pale palilimwa viazi, hazirudi mu maisha yako wala ya watoto wako. Kwa hiyo mimi naweka hivi: gazi ya chupa, hata kama ni ya zamani za zamani, inashinda makala ya pori bila mjadala. Na makala ya kupanda yenye imechomwa kwa tanuru nzuri, ikaingia mu mbabula iliyoboreshwa, hiyo inaweza kushindana na gazi na sitagombana na mwenye anaichagua. Ile mbabula iliyoboreshwa si mapambo, wandugu. Ikifikisha 35 kwa mia kuliko 20, zile kilo 4 zinashuka kama 2 na nusu. Hakuna kitu kingine mu hii orodha yote chenye kinakata namna hiyo kwa pesa kidogo.

Briketi za taka za mbao na maganda nitazipitia tu: kama inatoka kwa taka yenye ingeoza ao ingechomwa bure, kaboni yake ilikuwa inarudi hewani vyovyote, afadhali ipike kwanza. Tatizo la briketi si kaboni, ni kwamba leo inawaka vizuri na wiki ijayo mfuko ni jivu tupu.

Umeme

Hapa ulinganisho ni mfupi juu mshindi anaonekana. Kituo cha Matebe kule Rutshuru kilifunguliwa mwaka 2015, megawati kama 13, kinatumia maji ya mto inapita bila bwawa kubwa, na hiyo ya bwawa ni ya maana: mu inchi za joto ukifunika msitu na maji, miti inaoza chini bila hewa na inatoa metani miaka na miaka, kwa hiyo si umeme wote wa maji uko safi namna moja. Matebe haikuzamisha msitu. Vituo vya Ruzizi I na II zenye SNEL, kampuni ya umeme ya serikali, inatumia zinakunywa maji inatoka mu Kivu, hazikuumba ziwa, ziwa lilikuwapo.

Kufikisha zile megajuli 25 mu sufuria kwa plaki ya umeme ni kama kilowati-saa 9 za kaunta, ile mita ya umeme. Kaboni yake ni karibu bure. Shida yake haiko mu mzunguko wa kaboni, iko mu delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) na vita na nguzo zinaanguka, na kaunta yenye inalia saa ya kupika fufu. Na kitu kimoja: ukiwasha grupu, ile jenereta ya mazutu, ili plaki ipike, umeharibu yote. Grupu inatupa karibu theluthi mbili ya nguvu ya mazutu kama joto na kelele, heri ungechoma gazi moja kwa moja.

Na ile gazi ya ziwa je?

Kila mtu ananiuliza hii, na haki yao, juu ni kitu chenye hakina ndugu duniani. Chini ya Kivu, ziwa lenye linafika metre kama 485, kumelala kama kilometa za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za metani, zimeyeyuka mu maji na uzito wa maji ya juu unazishikilia. Kaboni dayoksaidi nyingi inatoka kwa volkano, inapanda toka chini. Metani sehemu imefanywa na vijidudu vyenye vinakamata ile kaboni dayoksaidi ya volkano, sehemu na vyenye vinakula matope ya mwani na samaki wafu. Kwa hiyo ile njia ya polepole na ile njia ya mbio zinakutana mu ziwa moja. Si ya zamani kama petroli, lakini si ya mwaka jana kama muhindi.

Upande wa Rwanda waliishaivuta kitambo, miaka ya 1960 ilikuwa inapasha mitungi ya kiwanda cha bia cha Gisenyi, na kituo cha umeme cha KivuWatt kule Karongi kinafanya megawati 26 tangu mwaka 2016. Sisi mwaka 2022 Kinshasa ilitangaza zabuni ya bloki tatu za gazi mu ziwa. Kwa kaboni, kuichoma kunafaa kuliko kuiacha siku moja itoke yenyewe: kilo 1 ya metani ikichomwa ni kama kilo 2.75 za kaboni dayoksaidi, ikitoroka bila kuchomwa ni sawa na 28. Na kutoroka si hadithi, ziwa Nyos la Kamerun lilifungua mwaka 1986 likamwaga kaboni dayoksaidi usiku mmoja na watu kama 1,700 walikufa, na Nyos ni kidimbwi mbele ya Kivu. Ila kwa swali letu la leo, gazi ya ziwa haiko mu chupa yenye unaweza kubeba kwa pikipiki, kwa hiyo usiahirishe kuchagua juu yake.

Kuna na wale wanasema: Nyiragongo inatoa moshi kila siku kuliko mbabula zote za mtaa wa Birere, makala yangu itafanya nini? Volkano zote za dunia ukizijumlisha, kwa mwaka wa kawaida hazifikishi hata moja kwa mia ya kaboni dayoksaidi yenye watu wanatoa kwa petroli, gazi na makaa ya mawe. Na za volkano zilikuwapo tangu dunia, ile mvua na yale mawe viliisha kuzizoea, mwendo wao unalingana. Wenye tulivunja mwendo ni sisi.

Hewa yenye haina harufu

Hii ingekuwa ya kwanza kama ningekuwa naandika juu ya uhai tu. Mazuku mnaijua, ile hewa yenye inajikusanya mu mashimo upande wa Mugunga, Bulengo, mpaka Sake: ni kaboni dayoksaidi ya volkano, nzito mara moja na nusu kuliko hewa, asubuhi mapema bila upepo inakaa chini kama maji, mbuzi na mtoto njo wanakufa kwanza juu kichwa chao kiko chini. Mbabula ya makala ndani ya chumba kimefungwa nayo inaua, lakini kwa hewa ingine, monoksaidi, yenye inakamata damu ikatae oksijeni hata ikiwa kidogo tu, na yenyewe haikai chini, inajaza chumba chote. Zote mbili hazina harufu. Ukipeleka mbabula chumbani usiku wa baridi kupasha mtoto, makala iwe ya mikaratusi ao ya pori, kifo ni kimoja. Gazi ya chupa nayo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni, lakini hiyo wameitia harufu makusudi. Ukiisikia, fungua mlango, usiwashe hata taa.

Basi uchague gani

Kama uko Himbi ao Katindo na kaunta yako inakaa na umeme saa mingi, plaki iwe jiko la kwanza na gazi ikae pembeni kwa saa ya delestaji. Makala weka ya nyama ya kuchoma siku ya sikukuu na dhamiri yako itulie.

Kama uko Ndosho, unapanga, kaunta ni ya watu sita na inakatwa kila mara, chupa ndogo ya gazi kwa chai, mayai na sambaza, vitu vya mbio, na mbabula iliyoboreshwa kwa maharagi na sombe. Watu wengi wanakataa gazi juu wanafikiri ni lazima ipike yote. Si lazima. Maharagi loweka toka jioni, funika sufuria, utaona mfuko wa makala unachelewa kuisha, na hiyo haikugharimu hata franga moja.

Kama chupa haiwezekani kabisa, usijilaumu, tafuta mbabula nzuri na uulize muuzaji makala yake ni ya kupanda ao ya pori. Atakudanganya mara ingine, ndio. Ila ukiishika utaanza kujua mwenyewe, ya mikaratusi mara mingi ni nyepesi na inaisha mbio, ya pori ni nzito na inakaa. Kwa hiyo ukilinganisha bei usilinganishe mfuko na mfuko, hesabu siku zenye umepikia mu kila mfuko, hapo njo utajua gani ilikuwa ghali.